Mugole Hakuwepo Nyuma ya Pazia

Ihanda, Karagwe
22 Oktoba 1989

Mpendwa Shangazi Adelgunda,

Shikamoo. Naomba msaada wako upesi, maana nimefungiwa ndani na siku zinakwenda, na ukiichapa barua hii gazetini tafadhali badilisha majina yetu.

Mimi ni binti wa Ihembe, nimeolewa hapa Ihanda mwezi wa tisa, kahawa ilipokwisha kuanuliwa, na mume wangu Telesfori ni karani wa chama cha ushirika, kijana mwenye maneno matamu na haraka nyingi. Kwetu, kama unavyojua, mugole, yaani bibi harusi, hatoki nje akishaolewa, hashiki jembe wala hachoti maji, kazi yake ni kula na kupakwa samli mpaka siku ile mama mkwe atakapomtoa mbele ya watu na kumkabidhi jembe lake, na akitoka amenenepa na kung'aa basi sifa zote ni za mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe haingii nyumba ya mwanawe. Chakula anakipeleka kwa mkono wa wifi, anayelala pale kumwondolea mugole upweke, na akitaka kusalimia anasimama mlangoni, nje ya pazia. Hapo kwenye pazia, Shangazi, ndipo tulipoharibu.

Msimamizi wetu wa harusi alikuwa Celestin, rafiki wa mume wangu tangu shule, mwalimu huko kisiwani Ukerewe, naye alikuja kwao likizo ndefu, akasema zawadi yake kwetu ni ufunguo wa nyumba yake, twende tukapumzike kama maharusi wa kisasa. Telesfori akawaka kama kibiriti. Akamwambia mama yake kwamba ameitwa semina Mwanza kwa siku kumi, na nilipomuuliza mimi nitaagaje, akanijibu, "Mugole haonekani. Sasa mtu asiyeonekana atakosekanaje?" Nilicheka mpaka nikakubali, na hilo ndilo kosa langu. Wifi yangu Kokubanza alikubali kubaki chumbani peke yake na kuitika kwa niaba yangu, sisi tukaondoka alfajiri na lori la kahawa la kwenda Bukoba, mimi nimejifunika kitenge gubigubi kati ya magunia, na kutoka hapo ni meli na kivuko mpaka kisiwani.

Shangazi, nisikudanganye, kisiwa ni kitamu. Hatukufanya lolote la maana. Tuliamka tulipojisikia, tukala ugali wa muhogo na sato aliyetoka majini saa hiyohiyo, tukakaa juu ya mawe yenye joto tukimenya machungwa, na mimi niliyekulia milimani, ambaye maji mengi niliyoyajua ni ya mtungi, nilijifunza kusimama ziwani mpaka kifuani huku nimemshika Telesfori mabega, nikipiga kelele kila wimbi dogo linapokuja. Siku moja bata wa jirani alimkimbiza mume wangu mpaka akapanda juu ya jiwe, nikacheka hadi nikakaa chini. Kulikuwa na mpiga picha anayezunguka pale ufukweni, akatupiga tumekaa, miguu imo majini, mimi nina chungwa mdomoni, akasema ataituma kwa posta baada ya wiki mbili, na Telesfori akampa anwani ya sanduku la parokia kwa sababu ndilo pekee tulilo nalo.

Huku nyuma Kokubanza alikuwa anakula. Ndizi na maharage, ndizi na nyama, maziwa, karanga, kila alichopikiwa mugole kilimalizwa, sahani zikarudi nyeupe, na mama mkwe wangu, Mama Anatolia, akawa anawaambia majirani kwa furaha, "Mkwe wangu anajua kula!" Asubuhi alisimama mlangoni, na Kokubanza akabana sauti puani, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba mwanangu," akaenda zake akisifu adabu yangu.

Lakini siku ya sita alikuja na kigoda. Alikaa pale kwenye pazia, akasema yeye alipokuwa mugole mama mkwe wake hakumsemesha neno hata moja siku zote alizokaa ndani, akalia mpaka akazoea, na akajiapia kwamba mkwe wake hatakaa mpweke nyuma ya pazia. Akasema tangu baba mkwe afariki hana wa kuongea naye jioni, na anamshukuru Mungu kwa kumletea mimi. Kokubanza aliuma blanketi asilie kwa sauti. Aliponisimulia niliporudi nililia mimi, kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu na sikuwepo kuyapokea.

Sasa nimerudi, Shangazi, na pua inabambuka kwa jua, shingo imekuwa nyeusi kuliko sufuria, na kwa kutembea na kuchezea maji nimepungua, wakati vifungo vya gauni la Kokubanza havifungi tena. Nilikuwa nitolewe nje Jumamosi ijayo, lakini Jumapili ya wiki mbili zilizopita mama alirudi misani na barua kutoka sanduku la parokia, kama anavyozileta siku zote, na jioni hiyo akatuma habari kwamba siku yangu imesogezwa mpaka mwisho wa Novemba, wakati wa kukamata senene, bila kueleza sababu. Tangu hapo ananiletea maziwa asubuhi na jioni, na kibuyu kipya cha samli, na sahani ikija inakuja na ujumbe, "Mwambie mugole ale mwenyewe." Kwenye pazia hajarudi tena. Telesfori anasema ni bahati yetu, ninyamaze, nile, ninenepe, mambo yaishe. Picha bado haijafika na mimi namwomba Mungu ipotee njiani.

Niambie, Shangazi, ninyamaze kama mume wangu anavyotaka, au nimwambie mama na kumvunja moyo? Nampenda mama huyu. Naogopa hatanipenda tena.

Mimi mwanao,
Mugole wa Ihanda

*

Mwanangu Mugole,

Marahaba. Nimeicheka barua yako mpaka chai ikapoa, kisha nikafika kwenye kile kigoda, nikaacha kucheka.

Kwanza acha kumsumbua Mungu kuhusu picha. Picha imefika. Nani analeta barua kutoka parokiani? Siku yako ilisogezwa jioni gani? Na mtu anamwambiaje mugole "ale mwenyewe" kama hajui kwamba alikuwa anakula mwingine? Umeniandikia kila kitu kwa mkono wako mzuri, hata bata hukumsahau, halafu hili lililo mbele ya pua yako inayobambuka hukuliona.

Mama Anatolia anajua, na amejua kwa wiki mbili. Angeweza kuita ukoo mzima, akaipitisha picha ile mkono kwa mkono, na wewe na chungwa lako mngekuwa kicheko cha Ihanda na Ihembe mpaka mpate wajukuu. Hakufanya hivyo. Amekaa kimya, akakuongezea mwezi na maziwa na samli, ngozi yako irudi, ili siku ukitoka asiwepo hata mmoja wa kukunyooshea kidole. Wewe umejificha asikuone, yeye anakuficha watu wasikuone. Sasa niambie nani kati yenu anayeogopa kutopendwa.

Kupumzika si dhambi. Nilipoolewa mimi, kama ningepewa ufunguo wa nyumba kisiwani, nisingeuliza mara mbili. Hata jua halina kosa, na usidhani nakugombeza kwa shingo nyeusi. Nakugombeza kwa sababu mama mzima alibeba kigoda chake, akafungua moyo wake mbele ya kitambaa, na nyuma ya kitambaa hukuwepo. Hajarudi pale, nawe unadhani amekasirika. Mimi nadhani anaona haya. Haya ya mtu aliyejisemea peke yake bila kujua. Hiyo, mwanangu, haiponi kwa kunenepa.

Huyo Telesfori umwambie kutoka kwangu kwamba semina yake imekwisha. Alimdanganya mama yake, akamfanya dada yake kuwa mugole wa bandia, na sasa anakushauri ule na unyamaze. Asikae karibu na mazungumzo haya. Ataanza na maneno yake matamu, mtajikuta mnacheka, na jambo litabaki palepale. Zamu yake itakuja baadaye, akapige magoti peke yake.

Wewe mtume Kokubanza leo. Aseme, "Mama, mugole anaomba uje, uje na kigoda." Akifika, usikae kitandani kama mgonjwa. Desturi inamkataza yeye kuingia, haikukatazi wewe kulifungua pazia. Lifungue kwa mkono wako mwenyewe, upige magoti hapo mlangoni, umwamkie kwa sauti yako, aisikie. Mwambie ulikuwa wapi na siku ngapi. Usiseme mlipitiwa, kwa sababu mtu hapitiwi mpaka Ukerewe. Usiseme ni Telesfori, kwa sababu ulicheka na ukakubali. Picha usiitaje, mwache aitoe mwenyewe akipenda. Halafu mwombe akusimulie tena alipokuwa mugole, tangu mwanzo, na safari hii uwepo wa kuitikia.

Atakugombeza kidogo. Pokea. Mtu asiyekutaka hahangaiki na pua yako.

Kokubanza mwongezeeni kitambaa ubavuni mwa gauni, na mwezi huu asaidie kulima, itamfaa. Na likizo ijayo Celestin akitoa ufunguo tena, nyinyi bakini na shamba, mama ndiye aende. Na yeye akatie miguu majini, na apigwe picha yake.

Majina nimebadilisha kama ulivyoomba. Chungwa sikulibadilisha, na gazeti hili hupita mikono mingi hapo Ihanda kabla ya Jumapili. Basi ukimaliza kusoma hapa lisukumie chini ya godoro, umtume wifi yako akakiite kigoda.

Shangazi Adelgunda