Mazoezi ya Mawimbi

Jumapili, 22 Juni

Nimepewa cheo! Mwenyekiti wa safari. Mwanangu — ni binti wa kaka yangu, ila nimemlea nusu ya maisha yake, kwa hiyo ni wangu — amenipigia nikiwa na pini mdomoni, nakunja pindo la pazia la mteja. Shangazi, harusi ni kisiwani. Nusura nizimeze pini zote. Kumbe bibi aliyemlea mchumba wake anaishi huko na hawezi tena kusafiri, basi kijana ameomba ndoa ifungwe huko huko, mchangani, mbele ya kibaraza cha bibi. Wageni wa upande wetu wanahitaji mtu wa kuwaelekeza wavae nini, wabebe nini, boti waipandie wapi. Shangazi, wewe ukiongea watu wanasikia. Kweli tupu. Mimi kuongea sijambo.

Kisiwani sijawahi kukanyaga. Lakini nani ataniuliza? Mkwe, huyo kijana, atanitumia maelezo, mimi nitayatia chumvi. Nimecheka peke yangu dukani hadi fundi mwenzangu akauliza kama nimepata bwana.

Jumatano, 25 Juni

Grupu la simu limefunguliwa. Nimetuma voisi ya kwanza, ndefu. Visigino virefu vibaki nyumbani, mchangani vitazama na mwenye navyo. Nguo nyepesi za pamba, zisizobana, maana jasho la huko halina adabu. Begi moja dogo ambalo mtu atalibeba mwenyewe, boti si lori. Kofia, mafuta ya kuzuia jua, dawa ya mbu. Mwenye dawa zake za kila siku aje nazo, huko duka la dawa hakuna. Na tuvuke asubuhi, bahari ikiwa bado haijaamka vizuri.

Halafu maswali! Mjomba wa bi harusi anauliza kama kisiwa kinatikisika. Nimemjibu kimefungwa kamba. Akashukuru. Wifi yangu, mama wa bi harusi, anauliza kama upepo utamvua kilemba. Alete pini, nyingi. Jirani mmoja, ambaye sijui hata nani alimwalika, anauliza kama aje na jiko.

Kaka tu ndiye hajasema neno. Amesikiliza voisi yote. Baba wa bi harusi!

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda kwenye jengo analojenga Kaka. Vijana wake wanamwita Zege, kwa ugumu wake. Nimemkuta ghorofa ya nne, kasimama juu ya mbao mbili kama yuko sebuleni kwake. Akashuka. Nikamwambia nimekuja kumpima suti. Suti ya nini, kasema, wiki hiyo kuna slabu ya kumwaga, haondoki mtu kazini. Slabu! Nikamuuliza mwanawe anaolewa mara ngapi. Akaitazama ndoo ya maji iliyokuwa kati yetu, kisha akasema taratibu kwamba ingekuwa nchi kavu angekwenda hata kwa magoti.

Hapo nikaelewa. Alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye tangi la maji. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini mama alikuwa akituhadithia kwa sauti ya chini. Basi huyu mtu mzima, mvi kichwani, anayetembea juu ya mbao hewani — anaogopa boti. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamshika mkono wake wenye saruji, nikachafuka, sikujali.

Jioni mwanangu kapiga simu. Amekwisha kuhisi. Anasema baba yake asipokuja, haolewi siku hiyo, keki na ipotelee mbali. Nikamuuliza, na yule bibi anayeamka kila siku akiuliza kama ni leo? Nikasikia anapumua puani, anavyofanya tangu mtoto akikaribia kulia. Nikamwambia baba yake atakuja. Nimeahidi tayari, na sijui nitafanyaje.

Jumapili, 29 Juni

Nina akili sana. Naandika mwenyewe kwa kuwa hakuna wa kunisifu. Bembea! Shule ya msingi ya hapa jirani ina bembea uwanjani, na Jumapili hakuna watoto. Nimemtoa Kaka kwake kwa kisingizio cha kuja kuangalia ufa wa ukuta wangu. Mlinzi wa shule katufungulia geti huku akitukagua juu hadi chini. Nikamkalisha Kaka, nikamsukuma.

Nikamwambia mwili uufuate mwendo, usishindane nao. Tazama mbali, pale mwisho wa ukuta, usitazame miguuni. Ndivyo mkwe alivyoniambia niwaelekeze wageni kuhusu boti. Mwanzoni alifumba macho, vidole vimekakamaa kwenye minyororo. Baadaye akafumbua jicho moja. Nikakaa bembea ya pili, tukaenda pamoja, watu wazima wawili, miguu juu. Akacheka! Kaka yangu! Mlinzi akageuka pembeni kwa aibu yetu.

Tumekubaliana kila jioni akitoka kazini. Mazoezi ya mawimbi. Mtu yeyote asijue.

Ijumaa, 4 Julai

Wamejua. Mlinzi kamwambia mwalimu, mwalimu kasema saluni, wifi alikuwa saluni. Kaja dukani kwangu amevimba, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Mumewe kaonekana bembeani na mwanamke! Nikamwambia mwanamke mwenyewe ndiye mimi. Ikabidi nimfungulie yote. Kakaa kwenye kiti cha wateja akacheka hadi machozi, halafu machozi yakawa ya kweli. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa. Yeye alidhani mumewe haipendi bahari kwa sababu ya harufu ya samaki.

Leo amekuja naye uwanjani. Kaleta mto wa kukalia, na anasukuma kwa nguvu kuliko mimi. Kaka anapiga kelele apunguze, yeye anasema bahari haitampunguzia.

Suti nimeipima hapo hapo, kashuka bembeani amelegea, hakuwa na nguvu ya kukataa.

Alhamisi, 10 Julai

Mkwe kaniambia jana jambo dogo la mwisho la kuwajulisha wageni. Maji yakipwa, boti haifiki ufukweni. Inasimama mbali, watu wanashuka majini na kutembea. Ni hadi magotini tu, au zaidi kidogo. Kwa hiyo sketi zikunjwe, suruali zipandishwe, viatu mkononi, simu ndani ya mfuko wa nailoni.

Zaidi kidogo! Na hilo analiita jambo dogo!

Nimelisema kwenye grupu. Mjomba kauliza kama kuna samaki wanaouma. Kaka hakusikia, simu yake ilianguka kwenye zege bichi tangu Jumatatu na imebaki humo. Leo jioni nilikwenda uwanjani nimedhamiria kumwambia. Nikamkuta anabembea mwenyewe, macho wazi, anapiga mluzi. Wifi kanitazama, nami nikamtazama. Hatukumwambia. Huenda maji yatakuwa yamejaa. Kwa hiyo sasa mwoga ni mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika botini, goti ndiyo meza, mwandiko utasamehewa.

Tumefika wote gatini na hakuna aliyechelewa, nitajisifu hata kaburini! Mjomba kaja na jaketi la kuokolea maisha ameshalivaa tangu kwake. Jirani kaja na jiko. Na Kaka — Kaka amepanda! Kafumba macho, kashika mkono wa wifi, kapanda. Nilikuwa nimewaambia watu wote wameze kidonge kimoja cha kichefuchefu kabla ya safari. Yeye kameza kimoja nyumbani na kingine gatini, ili apate uhakika. Amelala. Amekoroma njia nzima begani kwa mkewe. Mawimbi yametupa huku na kule, mwenyekiti wa safari nimetapika mbele ya wajumbe wangu, na mtu wa mazoezi hakuliona wimbi hata moja. Nimecheka huku natapika. Sipendekezi.

Sasa kisiwa hiki hapa. Mchanga mweupe hadi macho yanauma. Viti vimepangwa, maua, kibaraza, na mtu mdogo mwenye kitambaa kichwani ameketi hapo kibarazani. Bibi yule! Na maji yamekupwa. Boti imesimama mbali, nahodha kateremsha ngazi. Wageni wanashuka, maji mapajani, nguo zimeshikwa juu, vicheko na vigelegele. Mjomba kapita na mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

Kaka ameamka. Ameiona ngazi inavyoingia majini. Amekaa tena. Anasema kwa upole kabisa kwamba hapo alipo anaona vizuri, wao wafunge tu, asisubiriwe. Wifi anambembeleza. Nimemwambia ukweli, kwamba nilijua tangu Jumatano. Hakukasirika. Alisema tu, dada, kwenye bembea niliiona ardhi.

Boti imebaki sisi watatu na nahodha. Naandika ili nisilie.

Kelele ufukweni. Ni mwanangu! Amevaa tayari, gauni zima, anashuka mchangani. Ameingia majini. Hajakunja kitu. Gauni limeelea nyuma yake, kazi yangu ya mikono — liende! Wanamwita arudi, hageuki hata shingo. Sasa yuko chini ya ngazi, maji mapajani, rangi ya macho imemtiririka. Sikutegemea aseme alichosema. Hajamwambia baba yake ashuke. Anamwambia, Baba, tazama, nimesimama. Huku chini mchanga ni mgumu. Nitakaa hapa mpaka uwe tayari.

Bibi amesimama kibarazani kashika mwimo wa mlango.

Kaka amesimama. Jasho linamtoka. Ameweka mguu kwenye ngazi, ameurudisha, ameuweka tena. Mkono mmoja ameushika wifi. Wa pili anaunyoosha nyuma, hatazami, anapapasa hewani. Anasema dada, acha kuandika, nishike huku —