Meno ya Dada Mageni

Nyumbani, Shinyanga
22 Juni, 1996

Kaka yangu mpendwa Masele,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mwakitolyo, na kile kikohozi cha vumbi la mawe kiwe kimekuachia. Sisi huku tunaamka na kulala. Mayu anakusalimu sana na anauliza kama mwanawe anakula vizuri. Tunachuma pamba, na yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Mimi nipo likizo, shule itafunguliwa tarehe nane mwezi ujao.

Najua habari unayoitaka ni ya Dada Mageni. Kidonda cha mdomo kimefunga, lakini kimeacha kovu upande wa kushoto. Meno ya mbele yamekuwa kama chaki. Hawezi kunywa maji ya mtungini mpaka Mayu ayapashe moto kwanza. Mganga wa zahanati alisema mawili huenda yakang'olewa, na yeye hana la kufanya zaidi ya kumpa vidonge vya maumivu. Shangazi zake Mwalimu Marselino walikuja kutoka Runzewe kumtazama mchumba, wakamkuta amejifunika kanga hadi puani. Walikunywa uji, wakasifu nyumba, wakaaga. Marselino mwenyewe bado anakuja Jumapili. Anakaa na Baba wanazungumzia mvua.

Baba hajabadilika. Anaamini kama alivyoambiwa, kwamba Dada Mageni aliiona ile chupa ndogo ya tindikali unayopimia dhahabu, uliyoisahau kwenye sanduku la Mayu ulipokuja Pasaka, akadhani ni dawa ya kusukutua. Anasema mwana anayeacha sumu nyumbani kwa baba yake hana tofauti na anayeacha nyoka ndani ya kapu, na kwamba usikanyage hapa. Mayu alipojaribu kukutetea, Baba alimuuliza kama yeye ndiye aliyemtuma mwanawe akaokote mchanga badala ya kulima.

Kaka, naomba uvumilie nieleze jambo kuanzia mbali kidogo.

Unajua meno yetu hapa kijijini. Sote tunayo ya rangi ya kahawia, na sikuwahi kufikiri ni kitu mpaka nilipokwenda bwenini. Huko wasichana wa kutoka Bukoba waliniita Mla Kutu. Mmoja, Mwanaima, aliuliza mbele ya wenzake kama nyumbani kwetu tunapiga mswaki kwa ugoro. Walicheka sana, na mimi nikacheka nao nimefunga mdomo. Tangu siku hiyo darasani najibu pale tu mwalimu anaponitaja jina.

Basi nikaanza kutafiti, kama tunavyofundishwa. Nilitenga kurasa za mwisho za daftari langu la kemia nikaandika kila njia niliyosikia. Mkaa uliosagwa na chumvi nilijaribu wiki mbili. Ulinitoa damu kwenye fizi, na meno yalibaki vilevile. Majivu na ndimu nilijaribu siku nne, nikashindwa kutafuna hata ugali. Dawa ya meno ya dukani ilinipa harufu nzuri tu. Mswaki wa mti niliuacha, kwa sababu Bibi aliutumia maisha yake yote na unakumbuka meno yake yalivyokuwa.

Mwezi wa Aprili alikuja shuleni daktari wa meno kutoka Mwanza, Daktari Hemal, kutukagua. Nilingoja wenzangu waondoke, na kwa kuwa sauti haikutoka nilimpa maswali yangu kwenye karatasi. Hakunicheka. Alisema mkaa na ndimu haviwezi kitu, maana rangi yetu haikupakwa juu ya jino. Imo ndani ya jino, kutokana na madini yaliyomo kwenye maji tuliyokunywa utotoni. Alisema hospitalini kwake anatumia tindikali kidogo iliyochanganywa na unga laini, anafunika fizi kwa mpira, anasugua kwa sekunde chache na kuosha. Meno yaliyoharibika zaidi huyafunika kwa kitu cheupe. Nilipouliza gharama, alitaja fedha ambazo kwetu ni fahali mmoja. Mwisho akaniambia kwa upole kwamba kazi hiyo ni ya hospitali, mtu asijaribu nyumbani. Niliandika yote aliyosema. Sentensi hiyo ya mwisho sikuiandika.

Nilipofika likizo nikakuta habari za shangazi wa Runzewe, kwamba watafika Jumamosi. Dada Mageni alikuwa na furaha, anatwanga huku anaimba. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu. Niliwaona akilini wale wageni wakimtazama mdomo kama nilivyotazamwa mimi. Nikamwambia wenzetu wa mbali wanatudhania wachafu. Alishangaa, akasema Marselino hajawahi kulalamika, na kwamba akitaka meno meupe akaoe ng'ombe. Lakini nilimsomea daftari langu, na wewe unajua anavyoheshimu kitu kilichoandikwa. Mwisho akasema mimi ndiye niliyesoma, basi nifanye ninavyojua.

Kaka, Dada Mageni hakuchukua chupa yako. Niliichukua mimi. Ijumaa, Mayu na Baba wakiwa shambani kwenye pamba, nilimlaza juu ya mkeka, nikazungushia pamba kwenye njiti, nikachovya na kumpaka. Nilidhani tindikali ni tindikali. Nilikuwa nahesabu sekunde. Nilipofika nne alinishika mkono. Mkaa nilijaribu kwangu kwanza, na ndimu nilijaribu kwangu kwanza. Hii sikujaribu kwangu. Niliogopa.

Nilipokuwa namwagia maji na kulia, aliniambia kwa mdomo uliovimba nisiseme neno, maana Baba atanitoa shule. Kisha akanitania eti sasa atakuwa mweupe kuliko mwezi, ili ninyamaze kulia. Baba alipofika, yeye ndiye aliyesema habari ya dawa ya kusukutua. Nami nilikuwa nimesimama pale. Vidole vyangu viwili viligeuka njano kwa ile tindikali, na Mayu alipouliza nikasema ni manjano ya pilau. Nyumba yetu haijapika pilau tangu Krismasi.

Wiki iliyopita barua yako ilifika. Unajua ni nani anayemsomea Baba barua. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikasimama mbele yake, nikasoma kwa sauti maneno yako yote, kwamba umekosa, kwamba unaomba msamaha kwa machozi, kwamba utauza baiskeli umtibu dada yako. Nilisoma mpaka jina lako. Baba akasema, weka pale. Nikaiweka.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Nikifika mlangoni kwake sauti inaniacha, namuuliza kama anataka maji. Dada Mageni naye kila jioni anafunua kanga, ananiuliza kama leo yanaonekana afadhali.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwandikie Baba barua nyingine. Andika kila nililokuambia humu, na jina langu liandike wazi, Mbuke. Mpe Marselino, ndiye aliyekuletea hii, atapita tena kwako Alhamisi kuichukua. Ifike kabla sijarudi shule, kama bado nina shule. Kusema sijui, Kaka, lakini kusoma najua. Nitasimama mbele ya kigoda chake na nitaisoma yote. Sitaruka mstari.

Mayu anasema ujifunike vizuri, baridi ya Juni isikurudishie kikohozi. Ndama tumempa jina lako, Baba hajui.

Ni mimi mdogo wako,
Mbuke