Swali la Tisa

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti hayanitaki tena; dobi asiyeweza kusimama ni dobi gani? Naandika kwa kuwa masikio yako na simu havipatani siku hizi.

Madaktari wamekubali kunipunguza tumbo nipungue uzito. Lakini kwanza vipimo, mama, vipimo! Damu wamechukua mpaka nikauliza kama wanaiuza. Moyo, mapafu, kamera imeshushwa kooni. Hata daktari wa akili kaniuliza kwa nini nakula. Nikamwambia, njaa.

Imebaki sahihi ya mtaalamu wa dawa ya usingizi. Swali la tisa kwenye fomu yake: katika ukoo, yupo aliyewahi kudhurika na dawa hiyo? Baba alikufa nikiwa mchanga, kwa hiyo jibu unalo wewe.

Mwanao kipenzi

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Sasa ukatwe tumbo kwa ajili ya unene? Bibi yako alikuwa mnene kukushinda na maji aliteka mwenyewe. Punguza kula, basi.

Hilo swali la tisa andika hakuna. Baba yako alikufa kwa homa, nimekwambia mara ngapi? Usinichimbe.

Mama yako

6 Mei

Mama,

Shikamoo, natumai umeamka salama. Niliandika hakuna, mtaalamu kaweka sahihi. Faili limekamilika, mihuri yote saba! Napasuliwa tarehe 20. Nimeshanunua viatu vya kamba. Miaka sita sijaweza kuinama nikafunga kamba. Niombee.

Mwanao kipenzi

17 Mei

Mwanangu wa pekee,

Hujambo? Mimi sijambo la kusema tu, usingizi sipati. Usiingie huko kabla hujawaambia. Baba yako alikwenda kupasuliwa ngiri. Hakutaka, mimi nikamwita mwoga mpaka akaenda. Walipomchoma dawa ya usingizi mwili ulikakamaa, ukawaka moto, hakuamka. Ndugu zake niliwaambia homa, wasininyooshee kidole. Na wewe nikakwambia hivyo hivyo, miaka ikaenda. Nisamehe.

Mama yako

8 Juni

Mama,

Leo shikamoo imenikwama.

Barua yako ilifika tarehe 29. Nilikuwa nimeshakakamaa, nimeshawaka, wamenifukia kwa barafu. Tumbo hawakuligusa. Figo zimeharibika, upasuaji umefutwa, nafungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Mtaalamu alikuja na fomu yangu, akaweka kidole kwenye swali la tisa. Nikamwambia jibu lile ni la mama. Anasema kwa watu wa damu yetu ipo dawa nyingine, na siku ile ilikuwa kabatini, mle mle chumbani.

Nimelala hapa nawaza jambo moja tu. Fundi viatu, jirani yako, ana simu. Ungemwambia anipigie siku ile ile. Ukaona aibu asije akasikia, ukabandika stempu.

Viatu nimempa nesi. Usinijibu.

Binti wa marehemu