Yule Anayetabasamu Kwenye Kiti

Jumamosi, 6 Juni

Nimemtukana mhariri bure. Niandike hilo kwanza, maana nikingoja kesho nitalipamba.

Kaka alirudi kutoka hospitali juzi. Kiharusi kidogo, walituambia. Mikono inafanya kazi, miguu inafanya kazi, na ulimi ndio usiseme! Udhaifu uliobaki utaisha wenyewe. Leo asubuhi akadai gazeti lake. Ni desturi yetu tangu nilipoanza kuandika safu: kila Jumamosi yeye husoma makala yangu kwa sauti, mimi naosha vyombo na kusikiliza wapi sentensi inachechemea. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Sikio lake halina huruma.

Akakohoa, akaanza. "Nakiri kwamba nimemwonea bwana huyu kwa muda mrefu."

Sahani ikaniponyoka. Bwana huyu ni Sharubu — profesa anayetaka maktaba ya mji igeuzwe ofisi, ambaye wiki hii nilimchuna ngozi nikaianika juani. Kaka akaendelea, taratibu, na vituo vyote mahali pake. Kwamba hasira imenitia uziwi. Kwamba anayebishana nami naye huenda analala vibaya. Na mtindo ni wangu! Mapigo yangu, kejeli yangu, hata ile tabia yangu ya kufunga aya kwa swali. Mawazo tu ndiyo si yangu.

Nikampigia mhariri nikamshukia kabla ya salamu. Msaliti, kibaraka, mwoga wa kalamu — vyote. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia. Akasema makala yangu iko ukurasa wa tisa, haijaguswa hata nukta, na kwamba angependa nimwombe radhi nikishakunywa maji.

Nikaenda nikasimama nyuma ya kaka, nikachungulia begani kwake. Alikuwa ameshika ukurasa wa mwisho. Tangazo la magodoro, ukurasa mzima. Mwanamke amelala. Hakuna neno zaidi ya jina la duka.

Na kaka alikuwa bado anasoma.


Jumapili, 7 Juni

Nimemjaribu. Vidole vingapi hivi? Vitatu, akajibu bila kusita. Nilikuwa nimekunja ngumi. Nimevaa nini? Lile gauni la kijani, akasema, na linakupendeza. Nilivaa suruali na fulana ya kufanyia usafi. Gauni la kijani nililigawa miaka mingi iliyopita.

Nikamwambia waziwazi: kaka, huoni. Akacheka. Akasema taa za nyumba hii hafifu, miwani imechakaa, na mwenye macho haambiwi tazama. "Kwani Upupu, mtu asipokubaliana na wewe lazima awe kipofu?"

Upupu ni jina alilonibandika yeye tangu tungali watoto. Mji ulikuja kulirithi tu.

Nikaleta hoja. Nikaleta ushahidi. Nilimpa kitabu akisome, akakisoma — kitabu kingine kabisa, kizuri tu. Nikapandisha sauti. Nimewabana mawaziri kwa hoja dhaifu kuliko hizi! Kila nilichomwekea mezani alikifanya kiwe ushahidi wake. Halafu akainuka kwenda chooni, akalipiga kabati kwa bega.

"Nani amelisogeza hili?"

Kabati lile halijasogezwa tangu tuhamie.


Jumatano, 10 Juni

Daktari wa ubongo. Mwanamke, umri wa kuwa binti yangu, maneno yake machache. Kaka alimsifia koti lake jeupe lililopigwa pasi vizuri. Daktari alikuwa amevaa sweta.

Akampeleka kaka chumba cha pili kwa vipimo, mimi akanionyesha picha kwenye kompyuta. Macho ni mazima. Kilichokufa ni sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea yanachokileta, kulia na kushoto. Hilo nililielewa upesi. Kisichoeleweka ni kwa nini mwenyewe hajui.

Akanieleza hivi. Wapo wengi wanaokana maradhi yao. Huyu mkono umepooza, anasema anaunyanyua. Yule haoni, anasema anaona. Zamani watafiti walitafuta doa moja ndani ya kichwa linalosababisha ukanaji huo, wasilipate. Kila mgonjwa ameumia mahali pake. Sasa hawaulizi jeraha liko wapi. Wanauliza jeraha limeungana na nini. Wakifuata nyuzi kutoka kila jeraha, wengi wanafika kwenye mtandao ule ule — sehemu kadhaa zilizo mbalimbali zinazoongea pamoja. Ule unaokagua. Unaolinganisha tunachodhani na kilichopo, kisha unapiga mstari mwekundu.

Msahihishaji, nikasema.

Akasema ndiyo, ni kama hivyo. Nikageuza uso. Kaka yangu!

Kwa kuwa uchungu ukinipanda hugeuka ugomvi, nikamwambia nimewahi kuandika dhidi ya watu wa aina yake. Niliandika wamechora ramani ya barabara, sasa wanadhani wanajua kila mpita njia anakwenda wapi. Akasema aliisoma makala hiyo. Huwapa wanafunzi wake waijibu. "Tunajua kidogo kuliko tunavyotangaza," akasema, "na zaidi kuliko tulivyojua zamani."

Halafu akanieleza kuhusu jaribio wanalolifanya. Hakuna kisu. Sumaku inawekwa juu ya kichwa, inagusa mtandao ule kutoka nje, kikao baada ya kikao. Nikauliza, ataona?

Hapana. Kuona hakutarudi.

Basi atapata nini?

"Huenda akajua kwamba haoni."

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa maneno yale yale. Kwa kuwa kaka anasema haumwi, ni mimi wa kuridhia kwa niaba yake. Mimi ambaye nimewachapa watu nusu ya maisha yangu kwa sababu hawataki kuujua ukweli.

Nilisema nitafikiri. Mimi — nitafikiri!


Ijumaa, 12 Juni

Nimerudi mapema kutoka ofisi ya gazeti. Nikavua viatu mlangoni. Nikamsikia kaka anaongea sebuleni, nikadhani simu.

Haikuwa simu. Alikuwa amekielekea kiti changu. Kitupu.

"Miguu mezani tena, Upupu?" Akanyamaza kidogo. Akacheka. "Haya, iweke."

Nikabaki pale pale, viatu mkononi. Akaendelea kukiambia kile kiti habari za hospitali. Kwamba usiku wa kwanza aliogopa mpaka akawa anahesabu pumzi za mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwamba hakutaka nijue, kwa sababu ningekwenda kugombana na mtu. Mimi hakuniambia haya. Alimwambia yule.

"Napenda unavyonitazama siku hizi," akamwambia. "Zamani ulikuwa unanitazama kama kosa la chapa."

Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni, nilipo. Macho yake yakapita juu yangu kama mkono unaopapasa ukuta kutafuta swichi. Yakapita. Yakarudi kitini, na uso wake ukatulia.

Nikakohoa. Nikasema, kaka, nimerudi.

Alishtuka. "Umetoka saa ngapi? Si ulikuwa umekaa hapa?"

Sijakaa kwenye kile kiti jioni yote. Nimekaa sakafuni. Sioni haya kuandika.


Jumamosi, 13 Juni

Kitinda mimba wetu kapiga simu. Daktari kamweleza kila kitu. Anasema nisikubali. Kaka ana furaha, anakula, anacheka, kwa nini umwashie mtu giza? Nikamwambia giza lipo tayari. Akasema lipo kwako, kwake halipo. Nikamwambia huo ni utetezi wa kila tapeli duniani. Akasema kwa upole, na upole wake ndio hunichoma: "Dada, wewe unataka kushinda tu. Hata na hili unataka ulishinde."

Nikakata simu. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Yamenijia yote baada ya kukata.

Kaka amesoma gazeti. Makala yangu ya leo, kwa mujibu wake, inahusu fadhila za kukaa kimya. Ina utani mzuri katikati. Nilicheka kabla sijajizuia.


Jumatatu, 15 Juni

Nywele bado mbichi, naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa bafuni. Nikasikia breki, honi, kelele za watu. Nikatoka na taulo kichwani. Kaka alikuwa katikati ya barabara kuu, kanyooka, anatembea kama mtu anayekwenda kazini. Lori limekita tairi upande mmoja wake, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemdaka kwa ukosi wa shati. Dereva alinitukana matusi ambayo kwa kawaida ningemrekebishia. Leo nilimshika kaka mkono, nikamvusha.

Tulipoingia ndani nikamuuliza alikuwa anafikiri nini. Alinishangaa. Hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa ameudhika kidogo tu, kama mtu anayelaumiwa kwa kosa la mwenzake.

"Si wewe uliyenishika mkono? Si wewe uliyeniambia njia nyeupe, tuvuke?"

Nikasema nilikuwa bafuni.

"Upupu. Nilikuona."

Nimempigia daktari. Nimekubali. Kesho naenda kutia saini.


Alhamisi, 18 Juni

Kikao cha kwanza. Chumba chenyewe kidogo, kiti kama cha kinyozi. Mtambo umeshikiliwa na mkono wa chuma, unagonga — tak, tak, tak — kama mtu asiye na subira anayegonga meza kwa kidole. Kaka akauliza kama watamnyoa na ndevu.

Hakuna badiliko. Daktari alionya: huenda kisitokee kitu kabisa. Nilijikuta natamani iwe hivyo, na nikajichukia.

Njiani, ndani ya teksi, kaka alikuwa anazungumza, kaelekea kulia. Mimi nilikaa kushoto.


Jumamosi, 20 Juni

Jana kikao cha pili.

Leo kachukua gazeti, kakohoa. Mimi kwenye vyombo. Nikangoja.

Hakuanza. Nikageuka. Alikuwa anapitisha dole gumba juu ya karatasi, juu chini, kama anayepima kitambaa. Uso wake ulikuwa wa kazini — ule uso aliokuwa nao akinusa kosa lakini bado hajaliona liko mstari gani.

"Hii karatasi imechapwa?" akauliza.

Nikasema imechapwa.

"Wino mwepesi," akasema. Akaikunja kwa uangalifu, akaiweka. Hakugusa chai. Baadaye kidogo akasema, bila kumwelekea yeyote: "Leo hutabasamu sana."

Sikujua kama ananiambia mimi.


Jumapili, 21 Juni

Naandika nimesimama, jikoni, daftari juu ya jokofu. Nimemwambia naenda kutazama chai.

Asubuhi yote alikuwa kimya. Mimi nilisimama dirishani nikamsemesha mambo ya hovyo, mhariri, Sharubu, mvua iliyogoma kunyesha. Akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema, polepole, akipima kila neno:

"Nikikutazama nakuona. Umekaa hapo, umevaa kijani, unatabasamu. Lakini sauti yako inatoka dirishani."

Sikusogea.

"Mmoja wenu si kweli. Mimi siwezi kujua ni yupi, nimejaribu tangu jana. Niambie wewe. Chochote utakachosema, Upupu, nitakuamini."

Nitakuamini! Miaka yote hii ya wino hakuna binadamu aliyewahi kuniambia neno hilo. Wamenishangilia, wamenishtaki, wamenitupia nyanya. Nimeandika kurasa ngapi kulitafuta. Na jibu ninalo! Ninalo tangu Jumamosi ya magodoro, sentensi moja, wala haihitaji mkato. Nikafungua kinywa nikasema: chai inachemka.

Sijawasha hata jiko.

Nikimwambia kweli ni mimi, ameshakuwa kipofu kuanzia leo, na kwa mkono wangu. Na yule wa kitini, ambaye kaka alimweleza hofu yake, atakuwa hayupo tena; je, ataniambia mimi? Mimi, wa kosa la chapa? Nikimwambia kweli ni yule wa kitini — nimelifikiria, ndiyo, nimelifikiria, jikoni mwangu mwenyewe — basi ataamini na hilo. Atapewa mkono, ataambiwa njia nyeupe. Na mimi nitabaki sauti ya dirishani mpaka nichoke kusema.

Daktari yuko sahihi na kitinda mimba yuko sahihi. Natamani mmoja wao awe mjinga.

Kesho saa tatu kikao cha tatu. Safari hii daktari anataka kumwuliza kaka mwenyewe kama anaridhia.

Ameniita. Nikaitika, nakuja.



Sasa anaongea tena, lakini si kwangu. Sauti ya chini. Nimesogea hadi kizingitini kusikia, daftari mkononi. Ni swali lile lile, neno kwa neno, na mwishoni "nitakuamini". Kachoka kunisubiri, anamuuliza yule.

Ameacha kusema. Ameinamisha kichwa upande wa kiti, kidogo tu, vile afanyavyo mtu anayejibiwa kwa kirefu. Anaitikia kwa kichwa. Anaitikia tena. Nikiingia sasa hivi na kusema kweli ni mimi, atamwamini nani kati yetu?