Sili Zilizoungua Vihingo

Vihingo, Kisarawe
Jumamosi, 30 Septemba 2023

Dada yangu mpendwa Biubwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hapo Kibaha mmeamka salama, na kwamba lile goti limepungua kuuma. Huku sisi wazima. Mama anakula vizuri, kikohozi kimemwacha, na kila siku anauliza mbona siku hizi hupigi simu. Barua hii nampa jirani yetu Didas anayepitia huko kwenda Mlandizi, naye ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Wiki hii nimeishika simu mara nyingi nikaiweka. Nikisikia sauti yako nitashindwa kusema.

Jambo lenyewe ni pampu. Najua umechoka kulisikia neno hilo, lakini nivumilie nieleze toka mwanzo, maana habari ilikufikia vipande vipande, na vingine nilivificha mimi.

Mwezi wa saba kamati ya maji ilinikabidhi ufunguo wa kibanda cha pampu. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Haukupita mwezi, maji yakaanza kuvuja pale shafti, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na mota, inapoingia kwenye pampu. Kwanza matone, halafu mchirizi, mwishowe yakawa yanamwagika chini mengi kuliko yanayopanda kwenye tangi. Bi Zuwena, mwenyekiti wetu, akauliza nani anamjua fundi mwaminifu. Nikamtaja mumeo, shemeji Salehe.

Shemeji akaja na boksi lake la spana. Akatueleza kwamba kilichokufa ni sili, kifaa chenye nyuso mbili, moja ya kauri na nyingine ya kaboni, zinazobanwa na springi ili maji yasipenye. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani, lakini kukifikia tulitoka jasho. Boliti zilishikwa na kutu, na impela, lile panga linalosukuma maji, liliganda kwenye shafti. Tukamwagia mafuta, tukagonga taratibu, tukasubiri, tukagonga tena hadi siku ya pili. Lilipotoka, sili mpya ikagoma kuingia. Shafti ilikuwa nene kuliko ilivyoandikwa kwenye kibati cha pampu! Akaenda Mlandizi, akakosa. Akaenda Kariakoo. Siku zote hizo kina mama waliteremka bondeni na ndoo, wakipita mbele ya kibanda bila kunisalimu.

Aliporudi, alinawa mikono kwa sabuni kama anayekwenda kula, akafuta shafti kwa kitambaa laini, akanikataza nisiguse uso wa kauri hata kwa kidole. Tulipowasha halikudondoka tone. Watu wakapiga makofi. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Latifu, kiangazi hiki kisima kinashuka. Washa asubuhi na jioni tu, mchana kiache kijae. Pampu ikizunguka bila maji, sili inaungua."

Siku ya nane ikavuja. Shemeji akarudi, akafungua, akaweka nyingine. Hiyo ikadumu siku tano. Alipokuja kuifungua, watu walikuwa wamechemka, na mkutano ukaitwa palepale. Mzee Mwinyijuma akasema fundi huyu anatuletea sili feki ili aitwe kila wiki. Shemeji akajibu kwamba sili zake ni halisi, akaanza kukusanya spana zake. Bi Zuwena akamwambia asikanyage tena kibanda kile. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, dada. Nilitazama viatu vyangu.

Jioni yake ukanipigia unalia, ukasema mumeo hajawahi kukuaibisha kama siku ile, na kwamba hujui utakuja kwetu na uso gani. Nikakwambia pole dada, ndiyo dunia. Sasa nasikia shemeji analala gereji na hamsemeshani.

Dada, sili zile niliziunguza mimi.

Nimelima bamia nyuma ya kibanda. Mchana, watu wakiwa mashambani, nilikuwa nawasha pampu na kuunga mpira nimwagilie matuta yangu. Mara ya kwanza kuiunguza sili, nilinogewa na palizi, nikashtuliwa na mlio kama bati linalokwaruzwa. Kisima kilikuwa kimeshuka chini ya bomba la kuvutia, na pampu ilikuwa ya moto haishikiki. Nikazima, na kwa kuchanganyikiwa nikaimwagia ndoo ya maji baridi. Shemeji aliponiuliza kama niliwasha mchana, niliapa sikuwasha. Mara ya pili nilijua ninachofanya. Nilijiambia nitawahi kuzima. Sikuwahi.

Na shemeji alijua. Alipoitoa ile ya mwisho, kauri ilikuwa nyeusi, imepasuka. Akautazama mpira wangu uliotundikwa ukutani, akanitazama mimi, akaifunga sili kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Angeweza kuitoa mbele ya mkutano mzima. Nilipomsindikiza barabarani akaniambia, "Mimi hapa napita tu, Latifu. Wewe unaishi hapa na mama." Hata pole sikumpa.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nilisimama mbele ya wanakijiji nje ya msikiti nikasema yote. Hakuna aliyenizomea. Mzee Mwinyijuma alivua kofia, akauliza kama fundi bado yuko Kibaha. Bi Zuwena alinyoosha mkono na kusema neno moja tu, "Ufunguo." Nikampa. Jumanne wao wawili watakuja kwenu kumwomba shemeji msamaha. Niliomba nifuatane nao, Bi Zuwena akakataa, akasema nianze kwa kukuandikia wewe, usije ukayasikia haya kwa watu wengine.

Ukinikasirikia, una haki. Ukitaka nisikanyage kwako, sitakanyaga mpaka uniite. Ila usisubiri Jumanne ifike. Ukimaliza kusoma, nenda gereji ukamwambie mumeo arudi nyumbani ale.

Mama anakusalimu sana. Naye nimemwambia, na toka jana hanisemeshi. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu zangu akikubali kuzipokea.

Mdogo wako,
Latifu