Kristiana Ameliona Ziwa

Chala,
Wilaya ya Nkasi,
Rukwa.

20 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji yangu Adriano,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nachingwea, wewe na mkeo Lucia pamoja na watoto. Mguu uliovunjika mwaka jana unaendeleaje? Je, sasa unatembea bila fimbo? Utakapoandika, jibu kwanza maswali haya, kwa maana dada yako huniuliza kila wiki nami sina la kumwambia.

Sisi tungali hai. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, ingawa ndivyo barua inavyopaswa kuanza. Binti yetu Jenifa alinishauri nikupigie simu. Nimekataa. Kwenye simu utanikatiza kwa kunipa pole, nami sitaki pole kabla hujajua nilichofanya.

Dada yako haoni. Jicho la kushoto limekufa kabisa. La kulia hutofautisha mlango uliofunguliwa na uliofungwa, basi. Daktari wa Sumbawanga aliyempima mwezi wa Julai alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoingia bila maumivu, na kwamba kilichopotea hakirudi. Alisema pia kwamba kama tungefika mwanzoni mwa mwaka, dawa ya matone ingeweza kukishikilia kilichokuwa kimebaki. Hakulisema hilo bila kuulizwa. Nililiuliza mwenyewe, na alinijibu kwa ukweli.

Mwanzoni mwa mwaka, shemeji, tulikuwa tunalima ntumba. Hujasahau kazi hiyo: kukata majani mwezi wa Februari udongo ungali laini, kuyafunika kwa udongo katika matuta ya duara ili yaoze, tayari kwa ulezi wa msimu ujao. Unajua pia jinsi dada yako alivyokuwa akipanga mistari ya ntumba. Watu waliopita barabarani walisimama kuitazama. Mwaka huu mistari yake ilikwenda upogo. Nilimwita mbele ya watu wote waliokuja kutusaidia.

"Kristiana, mistari ya nani hii? Au umeionja pombe kabla ya wageni?"

Watu walicheka. Jirani yetu Rozina alipaza sauti: "Mwalimu, mchape! Amekosa hesabu huyo!"

Dada yako naye alicheka. "Ardhi ndiyo iliyolewa, Mwalimu. Mimi ni mzima."

Nilimwamuru abomoe mistari miwili aipange upya. Aliibomoa. Akaipanga upya, ikawa upogo kuliko ya kwanza, nami nikaenda zangu kwa hasira. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minane. Mtoto anapoandika nje ya mstari, jambo la kwanza ambalo mwalimu huuliza ni kama anaona ubao. Kwa mke wangu sikuuliza.

Jioni ile ile aliniambia kwamba alitaka kwenda Wampembe kuliona ziwa. Nilimjibu kwamba mtu haachi ntumba nusu, kwani mvua zikikatika udongo unakuwa jiwe. Ntumba zilipokwisha, nikasema tungoje maharage. Baada ya maharage nikasema mahindi. Mwezi wa Mei tulipokula ugali wa ulezi wenye mchanga, nilisukuma sahani pembeni, nikamwuliza tangu lini nyumba hii inalisha watu kokoto. Alikuwa akichambua ulezi kwa vidole tu. Hakunieleza. Nadhani aliona kwamba sikuwa mtu wa kuelezwa.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilimpeleka. Tulipanda pikapu ya Polikarp, jirani yetu anayefuata dagaa Wampembe mara mbili kwa wiki. Tuliondoka alfajiri ili turudi siku hiyo hiyo. Yeye alikaa katikati yetu, amevaa kitenge kipya na rozari shingoni. Njia nzima alisimulia habari zenu za utotoni: jinsi mlivyotembea kwa miguu likizoni kutoka shule ya misheni hadi nyumbani, na ile kona ya mteremkoni ambapo ziwa huonekana kwa mara ya kwanza. Alisema aliyeliona kwanza alipiga kelele, na aliyeshindwa alibeba mzigo wa mwenzake hadi mlangoni kwa mama.

"Adriano alikuwa mwizi," alimwambia Polikarp. "Alipiga kelele kabla ya kuona. Nimebeba magunia yake mpaka nikapinda mgongo."

"Kumbe, bibi! Mpaka leo hajalipa?"

"Hajalipa. Sisi watu wa ziwani, Mmanda wa Wampembe akilipa, ujue anakufa."

Kwenye kona hiyo alimtaka Polikarp asimamishe gari. Nilimshusha, nikamshika mkono. Siku ilikuwa nyeupe, na ziwa lilikuwa pale chini lote, la buluu, kubwa kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nilimwacha mkono kidogo nifunge mlango wa gari. Nilipogeuka, alikuwa ameelekea upande wa mlima. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mwamba uliochongwa wakati wa kupasua barabara, hatua tatu hivi kutoka usoni pake. Aliinua kidevu, akatabasamu.

"Naliona," alisema. "Leo limetulia."

"Bibi, ziwa liko huk…" Polikarp alianza. Nilimtazama. Aliinama, akajifanya anapapasa tairi.

Adriano, katika maisha yangu sijaliacha kosa lipite. Nimewasahihisha wanafunzi, wakaguzi, wajumbe wa kigango, na siku moja paroko mwenyewe alipokosea tarehe ya sikukuu. Pale konani nilisimama nyuma ya mke wangu, mgongo wangu ukielekea ziwani, nikautazama mwamba pamoja naye. Nilisema, "Naam. Limetulia."

Tulipofika Wampembe alivua viatu akaingia majini hadi magotini. Akinamama waliokuwa wakianika dagaa walimwamkia, naye aliwauliza mmoja mmoja ni watoto wa nani, akawataja bibi zao. Alifurahi, siwezi kukana. Kisha aliniuliza kama naiona milima ya Kongo ng'ambo. Ukungu ulikuwa umeifunika yote. Nilisema naiona. Basi tukawa sawa, kila mmoja na uongo wake, sisi tuliopokea Komunyo Jumapili iliyotangulia. Nilikwenda hadi mlango wa kanisa jana kuungama, nikarudi. Sikujua ni lipi nianze nalo, uongo huo au mistari ile ya ntumba.

Nyumbani tumefunga kamba kutoka jikoni hadi chooni, naye huifuata kwa kiganja. Kuku wamemzoea, hawamkimbii. Jioni tunasali rozari. Tunapofika kwenye sala inayomwomba Mama Maria atuangalie kwa macho yenye huruma, mimi huishia hapo, na yeye huimalizia peke yake. Nimesali novena tatu. Sijapata jibu, na sitaki kukudanganya na wewe kwamba nimelipata. Ninaendelea kusali kwa sababu yeye yuko kando yangu ananisikiliza kama nimenyamaza.

Ntumba zipo shambani zinangoja mvua. Mwezi wa Desemba itatupasa kuzitawanya na kumwaga ulezi, na mistari itapotea, hakuna atakayejua ilikuwa upogo. Mimi nitajua. Mara nyingine asubuhi nakwenda kusimama pale kwenye ile miwili niliyombomolesha. Sifanyi lolote. Nasimama tu, kisha narudi.

Ninakuandikia ili uje. Mwanga uliobaki katika jicho lake la kulia, daktari alisema, huenda usifike mwisho wa masika. Hatakuona uso, hilo limekwisha, nalo limekwisha kwa sababu yangu. Hata hivyo ukisimama mlangoni mchana, atajua kwamba kuna mtu mrefu ameziba mwanga. Mvua zikianza vizuri, barabara ya kushuka Wampembe haitapitika, nanyi hamtaweza kufika ziwani pamoja. Njoo kabla ya Noeli.

Wasalimie Lucia na watoto wote. Jenifa anakusalimu, na Polikarp pia, ingawa hamjaonana. Anasema anataka kumwona mwizi mwenyewe. Wakumbukeni katika sala wazazi wenu waliolala Wampembe. Tulipitia makaburini, nikasafisha majani, naye akaisoma misalaba kwa vidole.

Nilipomwambia kwamba nakuandikia, alisogeza kigoda karibu na meza akanipa salamu zake. Naziandika neno kwa neno kama alivyozitamka:

"Mwambie Adriano kwamba safari hii nimeliona mimi kwanza. Aje abebe mzigo wangu."

Usimsahihishe, shemeji. Njoo uubebe.

Mungu aliyewatoa pwani ya ziwa mkiwa watoto, akawafikisha uzeeni, awakutanishe tena kungali na mwanga.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda, na ninayekuomba unisamehe,

Flavian