Ncha ya Pili ya Futi

6 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na paa la karakana bado linavuja pale juu ya benchi? Mimi mzima, ila chumba changu kimya mno. Naweza kumaliza siku tatu sijaongea na mtu. Meza inayumba, nimeikunjia karatasi chini ya mguu mmoja. Usicheke.

Uliuliza nasoma nini hasa. Basi sikia: kitu kikikimbia kasi sana, hufupika. Ubao wako wa mita mbili ukikupita kwa asilimia themanini na saba hivi ya mwendo wa mwanga, ukiupima utapata mita moja. Upana na unene havibadiliki, ni urefu ule tu unaoelekea unakokwenda. Juni nakuja, nitakueleza vizuri.

Binti yako

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Chini ya paa nimeweka ndoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikadhani njaa imekupanda kichwani. Miaka arobaini nakata mbao. Ubao hunywea ukikauka, tena hunywea upana, si urefu. Huo wako nani kaubana? Na aliyepanda juu yake, tumbo linagusa mgongo?

Nina meza ya shule, mita nne. Tangu mama yako atutoke na wewe uondoke, sina wa kunishikia ncha ya pili ya futi. Nagongomea msumari naishikiza hapo, lakini msumari hauna maneno. Utasema nipige simu, nami simu siitaki, maana ukishakata karakana inakuwa kimya kuliko mwanzo. Barua nakaa nayo.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, mitihani imenibana.

Ubao haujabanwa na mtu. Aliyepanda juu yake akiupima anapata mita mbili kamili, wala haoni ajabu. Kwake yeye ni barabara ndiyo iliyofupika, na karakana yako pia, kwa sababu anaona ninyi ndio mnaompita mbio. Mambo yote yako kwenye kupima. Ubao unaopita lazima uutie alama ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Ukitia ya mbele kwanza ukachelewa ya nyuma, ubao utakuwa umesogea, alama zitakaribiana. Wewe utaapa umezitia pamoja, na ni kweli. Yule wa juu ataapa umeanza na ya mbele, na kwake ni kweli. "Wakati mmoja" wenu si mmoja. Hakuna mwongo hapo.

Baba, Juni nimepangiwa maabara. Nitakuja Desemba.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Habari za alama nimezielewa kuliko walimu wako. Mama yako alikuwa anashika ncha ya kule, anasema "sasa", nami nachora. Siku tukinuniana alikuwa anaisema kabla futi haijafika mwisho, kabati linatoka fupi.

Kwa hiyo kwako wewe unayekwenda, Desemba imesogea karibu. Mimi niliyebaki naipima njia yote. Sikulaumu, nasema tu.

Mbao zangu nazo siku hizi zinafupika bila kukimbia. Meza ya shule imepungua kiganja kizima, na milango miwili mwezi huu. Cheka basi.

Baba yako

8 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mwezi wa tano nilicheka kweli, kisha nikaiweka barua yako kwenye droo. Jana nimeitoa tena, nikaona mwandiko. Mistari inapanda na kushuka, mingine inakanyagana. Wewe hujawahi kukosea hata unene wa kucha. Macho yana nini? Tafadhali usinijibu kwa utani.

Binti yako

14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Wiki tano zimepita. Simu nayo hupokei. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Binti yako

2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Jicho la kulia limekwenda tangu mwaka jana. La kushoto linaona mwanga na kingo za vitu. Daktari anasema huenda mwaka usiishe nalo. Nilinyamaza kwa sababu ungeacha masomo. Hapa naandika kwa kufuata rula.

Nina ubao mmoja mzuri, nilitaka nikutengenezee meza isiyoyumba. Nimeupima mara tano nikapata vipimo vitano. Mwisho wa mwezi naukata hivyo hivyo. Nikiuharibu na huo, nafunga karakana.

Baba yako

10 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Usikate. Nimeomba ruhusa maabara, wamenuna, na wanune. Nafika tarehe ishirini na sita. Hesabu ninazozifanya kila siku ndizo zinazosema njia ya anayebaki ni ndefu, na bado nikakuacha uitembee peke yako. Nisamehe. Nataka unione, baba, si unisikie tu.

Binti yako

19 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na muuza mbao, akajifanya ana mafua.

Sijakata. Ubao nimeuegesha mlangoni, urefu wake sijui, na wala siupimi tena peke yangu. Msumari nimeung'oa. Ukifika shika ncha ya kule, useme "sasa".

Baba yako